Mkwaju Hakusikika Dodoma

Mwezi Julai mwaka 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha mchezo wa kuigiza wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma na nusu saa kila mara, wakati wa jioni ambapo mkulima amekwisha kuweka jembe na mama wa nyumba anangoja chungu kichemke, sehemu kubwa ya nchi iliusikia, lakini Dodoma haikuusikia. Wala haikuwa kwa sababu ya ubovu wa mtambo, au usahaulifu wa karani fulani, bali kwa makusudi yaliyopangwa na kuafikiwa, kwamba mtambo wa Dodoma, uliokuwa na vipindi vyake wenyewe katika saa zile, uendelee na vipindi hivyo, ili watu wa uwanda huu wa kati wawe kipimo ambacho kwacho wataalamu wangejua kama sauti za waigizaji zina athari yoyote katika maisha ya waja, au ni upepo upitao.

Aliyevuma kuliko wote katika mchezo huo aliitwa Mkwaju. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa njia ndefu na vituo vingi, mwenye mke nyumbani na vimada njiani; mkewe aliitwa Tunu, mwanamke aliyestahimili muda mrefu kuliko walivyotaka wasikilizaji, kisha akaanza kujitafutia riziki yake mwenyewe; na mwisho wa Mkwaju ulikuwa ule ambao kila aliyeufuata mchezo aliuona ukija kutoka mbali na bado akauogopa, yaani UKIMWI na mauti. Ikumbukwe kwamba wagonjwa wa kwanza wa maradhi hayo katika nchi yetu walibainika Kagera mwaka 1983, na kwamba miaka 10 baadaye bado yalitajwa kwa kunong'ona, kwa mafumbo, au hayakutajwa kabisa, hasa mbele ya wakwe na watoto. Kwa hiyo sauti ya mwanamume jeuri, mcheshi na mwenye kujiamini, iliyoingia nyumbani bila kubisha hodi na kusema waziwazi yale ambayo ndugu hakuthubutu kumwambia nduguye, ilikuwa jambo jipya.

Ufundi wenyewe ulitoka Mexico, ambako katika miaka ya 1970 mtayarishaji wa televisheni aitwaye Miguel Sabido alitunga tamthilia za mfululizo zenye wahusika wa mafungu matatu, wema, waovu, na wale wanaosita baina yao, akiamini kwamba mtazamaji hujiona katika huyo anayesita na huelekea kuifuata njia atakayoishika; shirika la Population Communications International la New York likautwaa mtindo huo na kuueneza katika nchi mbalimbali, hata ukafika katika studio za Barabara ya Pugu, ambako watunzi na waigizaji wa Redio Tanzania waliutia lugha, vituko na hulka za watu wetu kiasi kwamba msikilizaji hakuwa na sababu ya kushuku kwamba mifupa yake ilitoka ng'ambo.

Ndipo wapimaji wakaingia kazini. Kila mwaka waliulizwa watu wa kaya takriban 2,750, baadhi yao katika mikoa iliyosikia na baadhi katika Dodoma isiyosikia, juu ya uzazi wa mpango na juu ya kujikinga na maradhi. Na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1999 na jopo lililoongozwa na mwanazuoni Mmarekani Everett Rogers, ambamo alikuwamo pia Mtanzania Ramadhan Swalehe, yalikuwa bayana: kule mchezo uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda, na Dodoma hayakupanda. Na mtambo wa Dodoma ulipoanza nao kuurusha mchezo ule mwaka 1995, Dodoma nayo ikapanda.

Ni haki ya mtu wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa kuuliza kwa nini yeye ndiye afanywe kipimo, katika miaka ambayo maradhi yalikuwa yakisafiri kwa reli na kwa malori kuelekea kwake. Jawabu la wapimaji, kwamba mtambo wa Dodoma tayari ulikuwa na vipindi vyake, na kwamba hakuna aliyejua kwa yakini kama mchezo ungefaa kitu hata kuukosa kuitwe dhuluma, ni jawabu lenye mantiki, nami silikatai. Lakini mantiki haiondoi uchungu wote, na sioni vibaya kusema kwamba watu wa uwanda huu walilipa karo ya somo ambalo nchi nzima ililipata bure. Laiti somo hilo lingetumiwa vema, pengine tungesema karo ilistahili.

Lakini halikutumiwa vema. Waliolisoma walikuwa wataalamu wa afya na wa mawasiliano, nao walilichukua kwa upande wao, wakasema kwamba redio ni chombo chenye nguvu. Ilhali redio yenyewe, pamoja na mtambo na mlingoti wake, Dodoma ilikuwa nayo katika miaka yote miwili, ikilia kila jioni kama kawaida. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, nacho ni kundi la waigizaji. Aghalabu mwigizaji anapodai heshima au ujira huambiwa kwamba kazi yake ni mzaha, kwamba angekosekana hakuna ambacho kingepungua. Na hapa, labda kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, wamekosekana waigizaji mahali fulani kwa muda unaojulikana, na kilichopungua kikapimwa, kikaandikwa kwa tarakimu na kuchapishwa. Mkulima wa korosho hana ushahidi wa namna hiyo juu ya manufaa ya korosho zake, wala mwandishi wa makala juu ya makala zake. Mwigizaji wa sauti wa Tanzania anao, na umetoka Dodoma.

Cha ajabu ni kwamba wengi wa wale waliomlia Mkwaju, au waliofurahi alipopatilizwa, hawakujua na hawajui hadi leo ni nani aliyempa pumzi. Walimjua Mkwaju kuliko walivyomjua diwani wao. Wangekitambua kikohozi chake gizani. Lakini mtu mwenyewe, aliyekuwa akishuka basi la Dar es Salaam na bahasha ya karatasi mkononi, angeweza kukaa nao benchi moja sokoni Majengo na wasimtazame mara mbili.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya waigizaji wa redio tangu zamani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawekwa chini ya Serikali na kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Na kwa takriban miongo mitatu iliyofuata, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973 ilhali Bara ilingoja hadi 1994, ukumbi wa maigizo wa taifa ulikuwa sanduku dogo la betri lililowekwa juu ya kigoda uani. Humo ndimo walimoishi Pwagu na Pwaguzi, wale wajanja wawili wasiochoka kuumbuka, na humo ndimo Mahoka alimovunja watu mbavu. Na mtu aliyekulia Ugogo, ambaye nyumbani alisema Kigogo na shuleni alifundishwa Kiswahili cha ubaoni, alikipata Kiswahili cha kuishi nacho, chenye kejeli, bembelezo na matusi ya adabu, kutoka kwa watu hawa kabla hajakutana na mtu yeyote wa pwani. Sijui ni mwalimu gani wa lugha aliyekuwa na darasa kubwa kama lao.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa na wale wasiowahi kusimama mbele ya kipaza sauti. Mwigizaji wa jukwaani ana mikono, macho, mavazi, na kicheko cha watazamaji kinachomrudishia nguvu. Mwigizaji wa redio amevuliwa vyote hivyo, amesimama katika chumba kilichozibwa kila upenyo, ameshika karatasi ambazo hapaswi kuzifanya zilie anapozigeuza, na wenzake wawili watatu wanagombea kipaza sauti kimoja. Akitaka kuonekana yu mbali hurudi nyuma hatua moja, akitaka kuonekana anamnong'oneza mtu sikioni husogea hata mdomo wake ukaribie chuma. Akila, hakuna chakula. Akilia, machozi hayamsaidii, maana machozi hayasikiki, na inambidi kulia kwa koo na kwa pumzi. Kisha mara nyingi mtu huyohuyo, kwa uchache wa bajeti, huwa babu katika tukio moja na polisi katika jingine, na msikilizaji asigundue. Wapo waigizaji mashuhuri wa picha ambao, kwa maoni yangu, wangenyang'anywa sura zao kwa nusu saa tu, tusingebaki na kitu.

Si kila taifa liliwaacha watu wa namna hii gizani. Katika mwaka uleule wa 1951 ambao Dar es Salaam ilianza kusema hewani, shirika la BBC la Uingereza lilianza kurusha kote nchini humo mchezo wa redio uitwao The Archers, ambao nao ulikusudiwa, pamoja na burudani, kuwafundisha wakulima mbinu bora baada ya vita. Na bibi mmoja, June Spencer, aliyekuwamo tangu mwanzo, aliendelea kuuigiza, ukiacha miaka michache aliyopumzika, hadi alipostaafu mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 103, na alipofariki mwaka 2024 magazeti ya nchi yake yaliandika juu yake kama yanavyoandika juu ya mawaziri. Mwaka huohuo wa 2024 alifariki Mmarekani James Earl Jones, ambaye utotoni kigugumizi kilimfanya akae miaka mingi karibu bila kusema, kisha akawa sauti ya Darth Vader, na baadaye ya Mufasa, yule simba mfalme wa mbuga za kwetu ambaye Hollywood ilimvumbua bila kutuuliza. Jina lake halikuandikwa katika filamu ya kwanza ya Star Wars ya mwaka 1977, lakini hilo alilitaka mwenyewe, kwa unyenyekevu, akisema kwamba mchango wake ulikuwa mdogo. Waigizaji wetu hawakuombwa ridhaa ya kutotajwa.

Baada ya televisheni kufika Bara, sauti na sura zilianza kukutana, na kwa kitambo kifupi katikati ya hayo ulizuka ustadi mmoja ambao ningependa wanazuoni wetu wautazame kwa heshima zaidi kuliko walivyofanya. Katika vibanda vya video, ambamo watu walilipa pesa kidogo wakaketi kwenye mabenchi kutazama filamu za kigeni wasizozifahamu lugha zake, walizuka wafasiri wa filamu, na mashuhuri wao alikuwa Kapteni Derek Mukandala, ambaye umma ulimwita Lufufu. Mtu mmoja, kwa koo moja, akiwasemea jasiri, adui, bibi arusi na mbwa, akiongeza maelezo pale alipoona mtunzi wa Hollywood au wa Hong Kong amepunja, akiwapa wahusika hasira na mizaha ambayo hawakuwa nayo. Majirani zetu wa Uganda walikuwa na mafundi kama hao, na wa Kenya vilevile. Mtu anaweza kuhoji kama jambo hilo lilikuwa halali mbele ya wenye filamu zao, nami nitasema halikuwa halali. Lakini uigizaji wa sauti ulikuwa, tena wa daraja la juu.

Kisha zikaja filamu zetu wenyewe, na pamoja nazo umaarufu wa sura. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, Dar es Salaam ilijaa waombolezaji kana kwamba amezikwa kiongozi wa dola. Jambo hilo lilikuwa la haki, na lilikuwa la sura. Ila mimi, nikitaka kuieleza aushi ya mwigizaji mkongwe wa nchi hii, mtu aliyevuka kutoka zama moja hadi nyingine bila kuzama, simchukui Kanumba, aliyeondoka kijana. Namchukua Amri Athumani wa Tanga, ambaye Afrika Mashariki nzima ilimjua kwa jina la King Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kupanda jukwaani angali mtoto, katika miaka ya mwisho ya 1950, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea bandarini. Akaigiza katika zama za uhuru, za Azimio la Arusha, za foleni za sukari, za soko huria. Akatoka jukwaani akaingia katika kaseti, akatoka katika kaseti akaingia katika mikanda ya video, akatoka humo akaingia katika sahani za DVD, na mwisho katika simu za mkononi, ambamo hadi leo vijana waliozaliwa baada ya ujana wake kwisha hutumiana vichekesho vyake usiku. Katika kila chombo kilichokuja, wako waliokufa nacho kilipokwisha. Majuto alihama, na sababu, kwa kadiri ninavyoona, ni kwamba alichokuwa akiuza hakikuwa sura peke yake, ingawa sura yake ilikuwa mali. Kilikuwa sauti, ile lafudhi ya Kitanga isiyotaka kunyooshwa, ile namna ya kulivuta neno la mwisho la sentensi hata likawa malalamiko, na ile hasira ya mzee aliyedhulumiwa ambayo ilichekesha kwa sababu kila mtu alikuwa na mjomba wa namna hiyo nyumbani. Mtu angeweza kufumba macho katika filamu yake yoyote na asikose mengi. Hiyo ndiyo alama ya waliolelewa na masikio ya umma kabla ya macho yake.

Fauka ya hayo, alikuwa na jambo ambalo ni adimu kwa wachekeshaji: hakuwadhalilisha wanyonge. Aliyeaibika katika mizaha yake mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe, mzee mwenye tamaa, mume mwenye wivu, baba asiyesikilizwa. Wachekeshaji wengi wa leo wanaokimbilia kumwiga yule kiwete au yule mtu wa kabila fulani wangefaa kumrudia.

Na huyo ndiye ambaye, alipougua, nchi iligundua kwamba miaka 60 ya kazi haikumpa kinga dhidi ya gharama za hospitali. Mwaka 2018 alipelekwa India kwa matibabu, akarejea, na tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Katika miezi ile ya ugonjwa liliibuka suala la mikataba yake, hususan ya matangazo ya biashara ambamo sura na sauti yake zilitumika, hata waziri mwenye dhamana ya habari, utamaduni na sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaliingilia, na mikataba ya wasanii ikaanza kuzungumzwa na watu ambao awali hawakuwa na habari nayo. Miaka minne kabla yake, Juni 2014, alikuwa ametangulia Said Ngamba, yaani Mzee Small, baada ya maradhi ya muda mrefu. Na mwaka mmoja baada ya Mzee Small, Julai 2015, Kenya ilimzika Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyeichekesha nchi kwa miongo mingi. Hadithi hizi tatu zinafanana mno hata mtu hawezi kuzieleza kwa ubadhirifu wa mtu mmoja mmoja, kama wanavyopenda wale wasemao kwamba msanii hajui kuweka akiba. Akiba huwekwa na anayelipwa kila kazi yake inapozaa. Anayelipwa mara moja tu kwa kazi itakayozaa miaka 20 hana cha kuweka.

Hapa sheria inahusika, na msomaji aniwie radhi nikikawia kidogo, kwa kuwa sheria hizi hupitishwa hapa hapa Dodoma, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali ambapo wengi wenu mnanunua gazeti hili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilihusu zaidi vibali na ukaguzi, yaani nini kionyeshwe na nini kizuiwe. Aliyeonyesha alisimamiwa, aliyeigiza hakukumbukwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwenda mbele zaidi, kwa maana ilimtambua mwigizaji kuwa na hakishiriki katika uigizaji wake. Lakini ulimwengu mzima ulikuwa na ufa mmoja wa zamani: Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, uliokuwa msingi wa haki hizi, ulisema katika ibara yake ya 19 kwamba mwigizaji akisharidhia uigizaji wake uingizwe katika picha, ulinzi ule aliopewa na mkataba juu ya uigizaji huo hukoma. Mwimbaji alibaki na kitu. Mwigizaji wa filamu aliachwa na hisani ya mwenye kamera. Ufa huo ulizibwa kimataifa kwa Mkataba wa Beijing uliotiwa saini mwezi Juni 2012 na kuanza kutumika Aprili 2020, miezi 20 baada ya kufa kwa Majuto, ambao unampa mwigizaji wa picha haki ya kutajwa jina, haki ya kazi yake kutopotoshwa, na njia ya kudai sehemu ya mapato. Mikataba ya kimataifa, hata hivyo, haimlipi mtu yeyote hapa Dodoma, si katika kata ya Kiwanja cha Ndege wala ya Kizota. Anayelipa ni mwenye kituo cha redio au televisheni anayerudia kipindi cha zamani kwa sababu hakimgharimu kitu, na hatalipa mpaka sheria ya nyumbani imtamkie waziwazi kiasi, muda na mahali pa kulipa.

Huku uwanda wa kati hatuhitaji kufundishwa thamani ya sauti. Wagogo walikuwa wakiimba kwa sauti nyingi zinazokutana bila kugongana, katika msunyunho na katika ngoma ya muheme ya akina mama, zamani kabla reli haijafika. Na mtoto wa kijiji cha Doma, Hukwe Zawose, kwa koo lake, kwa zeze na marimba, alifika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kutoka huko akaifikia dunia, hata kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa santuri yake Chibite mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003, na anayetaka kumsikia leo anaweza kumpata, jina lake likiwa juu ya jalada. Nimtajie msomaji jambo la kutafakari: Zawose aliimba katika miaka ileile ambayo Mkwaju alikuwa akisema, mmoja wao aliimba mara nyingi kwa lugha ambayo sehemu ndogo tu ya Watanzania waliielewa, mwingine alisema Kiswahili kilichofahamika na taifa zima, na ni huyo wa pili ambaye jina lake la kweli wengi hawalijui. Tofauti haikutokana na ukubwa wa kipaji. Zawose alirekodiwa na watu walioona faida ya kuandika jina lake juu ya kasha. Mkwaju alirekodiwa katika utepe wa taasisi ya umma, ukawekwa rafuni.

Kwa hiyo nina maombi, nayo hayahitaji bajeti ya wizara. Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi nyumba na tepu za Redio Tanzania, litangaze orodha ya walioigiza Twende na Wakati, Pwagu na Pwaguzi na Mahoka, kila mmoja kwa jina lake na kwa sauti yake, kabla wanaowajua hawajaisha; na kila michezo hiyo inaporudiwa hewani, majina hayo yasomwe, mwanzo na mwisho. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye wanafunzi wa sanaa na tamthilia juu ya vilima vyake, kiwatume vijana hao wakawatafute wakongwe waliobaki, wawahoji na kuwarekodi. Nao waheshimiwa wabunge, wanapokaa tena kuijadili sheria ya hakishiriki, waweke kifungu kitakachomlipa mwigizaji, au warithi wake, kila sauti yake au sura yake inaporushwa kwa biashara, bila kujali alikwisha kulipwa nini siku ya kurekodi. Wakihitaji ushahidi wa manufaa ya watu hawa kabla ya kupiga kura, wasiende mbali: ni takwimu za mkoa walimoketi, za mwaka 1993 hadi 1995.